Wiki ya Keep

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kichina alinitoa machozi kazini, na maskini wa Mungu hakuwa amenikosea lolote. Mie nakaa kaunta katika ofisi moja hapa Kinondoni, kazi yangu kupokea fomu na kugonga mihuri. Yeye alikuja kufuatilia karatasi zake. Mkononi ana simu, kwenye simu ana orodha ya maneno ya Kiingereza anayojifunza, na wakati anasubiri sahihi akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Dada, hili neno, keep, kazi yake nini? Simu inasema kufuga, inasema kutunza, inasema kutimiza, inasema kuendelea. Mbona mengi?" Nikafungua mdomo nimjibu kama mtu mzima, machozi yakanitangulia. Nikamwachia mwenzangu kaunta, nikaenda chooni, nikafunga mlango na kulia mpaka kope za bandia zikabanduka. Mama mkubwa wangu tulikuwa tumemzika wiki tatu tu kabla ya siku hiyo.

Nyie wenzangu mliolelewa na walimu mnajua. Unasoma shule mbili: ukitoka moja unaingia nyingine, na hiyo ya pili haina kengele ya kwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani uko tayari. Mama mkubwa alifundisha Kiingereza shule ya msingi kule Mtoni, na jioni alifundisha tena barazani kwetu yeyote aliyetaka: mafundi, mabinti waliotafuta kazi hotelini, hata mchungaji mmoja aliyetaka kuwahubiria wageni. Alikuwa mrefu, mwembamba, magoti yanamsumbua, na kila akiinuka kwenye kiti alisema, "Mie mzee sasa, jamani." Nikipiga hesabu leo naona alikuwa na umri huu huu nilio nao. Na mie nimeanza kuyasema hayo hayo nikiinuka.

Alikuwa dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo, kule Njombe, na matanga yalipokwisha mama mkubwa akafunga nguo zangu kwenye khanga, akanipandisha basi, tukaja Dar. Hapakuwa na kikao wala karatasi. Baba alisimama mlangoni akasema, "Haya, shemeji." Basi. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto anachukuliwa, anakaa, anakua, na hakuna anayesema anakaa mpaka lini. Watu wazima hilo haliwasumbui. Mie lilinisumbua. Nilikuwa na godoro langu, sahani yangu ya bluu, na jina langu kwenye maombi ya jioni, lakini usiku nikiambiwa nilale nililala kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti.

Mama Maua alikuja mwaka nilipokuwa darasa la tano. Alikuwa Mchina mwenye duka la jumla la maua ya plastiki pale barabara ya Kilwa. Jina lake halisi mama mkubwa peke yake ndiye aliyeweza kulitamka. Sie wengine tulimwita kwa bidhaa yake. Kiswahili cha biashara alikuwa nacho, tena kikali, hupunguziwi hata shilingi. Adabu pia alishafundishwa, ila nusu. Aliambiwa shikamoo ni heshima, naye akaona heshima ni ya kumgawia kila mtu. Siku ya kwanza alipoingia uani kwetu alinikuta nasugua sufuria, akainama kabisa: "Shikamoo." Shetani akanipitia, nikajibu, "Marahaba, hujambo?" Kofi la mama mkubwa lilifika kabla sijamaliza kutabasamu.

Kwa nini alitaka Kiingereza sikujua, na sikuuliza. Alikuja kila Jumatano na Jumamosi saa kumi, amebeba kidaftari chake kidogo na mfuko wa mihogo ya kukaanga aliyonunua njiani, yenye pilipili ya kutoa kamasi. Alikuwa akinuka ile dawa ya kuchua ya kwao, ya kwenye kibati, harufu inayopanda puani na kukupoza macho. Hata sasa nikiisikia kwenye foleni nageuka kutazama ni nani.

Mama mkubwa alikuwa na utaratibu wake na hakumsikiliza mtu: neno moja, wiki moja. "Neno ni kama mpangaji," alikuwa akisema. "Kamusi inakuonyesha kitambulisho chake tu. Mpaka uone anaishije na wenzie ndio umjue." Akawa anachagua neno dogo, la kila siku, lile ambalo kila mtu anadhani analijua, na analitungia sentensi ishirini kwenye kaunta buku lake kwa kalamu nyekundu. Wale John na Mary wa vitabuni hakuwataka. "Mchina atamjuaje John?" Kwa hiyo sentensi zake zote zilikaa uani kwetu. Wiki ya get, kuku walipata mtama. Wiki ya take, mama mkubwa alikunywa dawa ya magoti. Mama Maua alizinakili na kuandika pembeni vijialama vya kwao, vya mistari mingi kama vijumba vidogo vyenye madirisha.

Kisha ikafika wiki ya keep. Mie nilikuwa pembeni naranda na ufagio ili nisikie. Kuku unawafuga, keep. Siri unaitunza, keep. Chenji baki nayo, keep. Ahadi unaitimiza, na hapo mama mkubwa akaandika kwamba Fundi Saidi hutimiza ahadi zake, wakacheka mpaka akavua miwani, maana Fundi Saidi, cherehani yake ipo jirani tu, alishawahi kukaa na gauni la bi harusi mpaka harusi ikapita. Sentensi ya tisa ilisema msichana anaweka viatu vyake chini ya kitanda. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Msichana nyumbani alikuwa mmoja, ni mie, na viatu vilikuwa pale pale. Ndio maana nililiamini lile kaunta buku kama Biblia. Tuliokuwa tunaishi na kuandikwa mle ni sie.

Ilikuwa marufuku kuligusa. Lakini Jumamosi hiyo kuku mmoja alikuwa ameangua, na mama mkubwa akamchukua Mama Maua nyuma ya nyumba kumwonyesha vifaranga. Kaunta buku likabaki mezani wazi. Nikasogea. Chini ya zile sentensi ishirini palikuwa na mistari mingine mitatu, kwa ile ile kalamu nyekundu, kwa ule ule mwandiko wa mama mkubwa uliosimama wima kama wanafunzi mstarini:

I cannot keep this child any more. I am old. Come and take her.

Siwezi kukaa na huyu mtoto tena. Mie mzee. Njoo umchukue.

Hapakuwa na neno hata moja nisilolijua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba yote alinifundisha yeye. Nikajua ni barua ya baba. Kwamba baba hajui Kiingereza halikunijia kabisa. Barua nzito si zote huandikwa kwa Kiingereza? Nikarudi kwenye ufagio wangu. Nilifagia pale pale nilipokwisha fagia, na Mama Maua aliporudi akanipa kipande cha muhogo nikawatupia kuku.

Bibi mmoja jirani alipenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikaona kumbe kosa langu ni hilo, nimekaa miaka yote bila kushika jembe vizuri. Kuanzia kesho yake niliamka kabla ya mwadhini. Nikaosha vyombo visivyo vichafu. Nikateka maji mpaka pipa likamwagika. Nikafua mapazia, nikapanga vitabu vyake kwa urefu, nikamkanda magoti bila kuambiwa. Siku ya pili mama mkubwa akanishika paji la uso. Siku ya tatu akanipeleka zahanati nikapimwe malaria. Nikatobolewa kidole kwa sababu ya kuosha sufuria, haki ya Mungu, na majibu yalipotoka sina wadudu, akanitazama njia nzima kwa wasiwasi.

Kisha likaja la gauni. Aliniita kwa Fundi Saidi, nikapimwa na futi: mabega, kiuno, urefu mpaka magotini. Kitenge cha njano, ndege wa bluu. Safari hiyo Fundi Saidi akatimiza ahadi, ajabu ya Firauni, na Ijumaa gauni likawa tayari. Lakini sikupewa. Lilikunjwa, likatiwa kwenye mfuko mpya, likafungiwa kabatini. "Hilo ni la nani?" nikauliza, sauti nimeilegeza kama sijali. "Kesho tuna mgeni," akanijibu. "Uoge mapema." Basi nikamaliza hesabu yangu. Mtoto harudishwi kwa baba yake na nguo zilizochakaa.

Leo nacheka nikisimulia, lakini siku ile sikuwa na kicheko. Sikumchukia mama mkubwa. Nilijionea haya, kama mtu aliyekaa sana kwenye nyumba ya watu mpaka wakaanza kuangaliana. Na baba nilikuwa simkumbuki vizuri; nilikumbuka koti lake na baridi.

Jumamosi asubuhi nilioga mapema kama nilivyoagizwa, nikavaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yangu ya heshima, nikatoka nikaenda kwa miguu mpaka duka la Mama Maua. Kichwani nilikuwa na mpango. Mama Maua ana duka, hana mtoto, mihogo anainunua njiani maana yake hana wa kumpikia. Mie najua kufua, najua chai, najua kuhesabu. Nikikaa kwake nitabaki Mtoni, na jioni nitaweza kupita barazani kwetu hata kwa kujifanya mwanafunzi.

Nilimkuta amekaa chini katikati ya makatoni, mawaridi mekundu yamemzunguka, anafunga dazeni dazeni kwa kamba. "Shikamoo Mama Maua." "Marahaba," akasema, maana siku hizo alishajifunza nusu ya pili. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, haraka haraka, baba, basi, barua, gauni. Akanikazia macho, haelewi, anatikisa kichwa, anasema pole pole, pole pole. Nikaona napoteza muda. Nikasimama wima mikono nyuma kama nimeitwa ubaoni, nikasema kwa Kiingereza kile walichokuwa wanajifunza wote wiki nzima:

"Please keep me."

Hiyo aliielewa. Kamba ilimtoka mkononi. Alinitazama mie, akatazama ile sare, kisha akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega tu. Nikaogopa kweli. Nilijua nitakataliwa au nitakubaliwa, kilio sikukitegemea. Akavuta simu yake akanionyesha picha: mtoto wa kike, nywele zimekatwa usawa wa masikio, kimo changu, amesimama mbele ya mlango wa kijani na bibi kizee amekaa kwenye kigoda. Akaugusa uso wa mtoto, akajigusa kifuani. "Wangu," akasema. Akafunga duka, Jumamosi asubuhi, wateja wako barabarani, akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Mama mkubwa alikuwa amesimama getini bila viatu. Alishanitafuta kwa majirani wote. Mama Maua akamweleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na pale alipofika kwenye yale maneno matatu niliyomwambia, hakuyatafsiri. Mama mkubwa akakaa taratibu kwenye ngazi ya baraza.

"Ulisoma daftari langu?"

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Na uliyaelewa yote?"

"Yote, mama mkubwa."

"Angalau," akasema, akivua miwani, "angalau Kiingereza kimeingia."

Ndipo nikaambiwa. Ile mistari ilikuwa ya Mama Maua. Aliiandika kwenye kidaftari chake, kwa Kiingereza chake cha kuvunjika, kama kazi ya nyumbani, na mama mkubwa akaisafisha na kuiandika upya kwenye kaunta buku ili ainakili. Yalikuwa maneno ya mama yake mzazi kwenye simu. Bibi yule alikuwa amemlea mtoto tangu hajaota meno vizuri, Mama Maua alipokuja kutafuta maisha huku; sasa amechoka, anataka mtoto afuatwe. Kiingereza chote kile alikuwa anakisoma ili mtoto akimuuliza masomo kwenye simu asibaki bubu. Na gauni ni zawadi ya huyo mtoto, nilipimwa mie kwa kuwa tuna kimo kimoja, na mgeni wa Jumamosi ni Mama Maua anakuja kuaga. Kumbe na kwao nako ndivyo ilivyo: mtoto anaachwa, anakaa, anakua. Nikamtazama yule mama na maua yake yote, nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemwomba anichukue mie, yeye ambaye wa kwake hajamshika mkono miaka yote hiyo.

Nilidhani yameisha, nikategemea kofi. Mama mkubwa akanivuta nikakaa katikati ya magoti yake mabovu.

"Sikiliza. Baba yako keshatuma watu mara tatu. Ameoa, ana nyumba, anasema mtoto wangu nipeni sasa. Mara ya kwanza nikasema ana mtihani. Mara ya pili nikasema ana kifua, baridi ya Njombe itamuua."

"Sina kifua."

"Najua huna kifua! Mara ya tatu nikasema barabara imekatika." Akafuta pua kwa upindo wa khanga. "Mie mwalimu, mzee wa kanisa, namdanganya mwanaume wa watu kwa ajili yako. Halafu wewe unaenda kujigawa dukani kama waridi la plastiki."

Mama Maua alielewa au hakuelewa, sijui, lakini alicheka, na mama mkubwa akacheka, na mie nikalia kwa raha zote, kilio cha kujiachia, mpaka kuku wakasogea mbali.

Mama Maua aliondoka wiki ile ile, duka akamwachia ndugu yake. Baada ya muda ilikuja picha: yule mtoto amevaa gauni la ndege wa bluu, limeishia juu ya magoti, maana picha ya kwenye simu ilikuwa ya zamani na mwenyewe alisharefuka. Mama yake yuko pembeni, kamshika bega kwa mkono mzima, vidole vimekaza. Mama mkubwa aliitazama picha ile muda mrefu. Jioni yake, tumemaliza kula, akasema bila kunitazama kwamba kumnyima mtu mwanawe ni dhambi, na kwamba likizo nitaenda Njombe.

Alininunulia tiketi mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda akanipa mkononi. Ya kurudi akaishonea kwa ndani kwenye mkanda wa sketi, kwa mkono, uzi mara mbili, akisema ni kwa ajili ya wezi. Kule baba alinipokea stendi, akaninyanyua ingawa nilikuwa mkubwa, na karatasi ikalia kiunoni. "Nini hiki?" Nikamwambia. Aliupapasa ule mkanda, kisha akasema, "Shemeji kanishonea kufuli," akacheka, lakini macho hayakucheka. Alikuwa mpole, baba yangu. Alinichomea mahindi, alinipa koti lake, kila jioni aliniuliza kama nasikia baridi. Hakuniambia nibaki hata mara moja, na leo najua ilimgharimu nini kutosema. Siku ya siku alichukua wembe mwenyewe, akafumua ule uzi polepole asichane sketi, akanipandisha basi, akasimama dirishani mpaka likaondoka. Nilimpungia mkono kwa furaha, jamani, kwa furaha! Mtoto hana haya.

Tulifika Ubungo jua linazama. Nilimwona kabla basi halijasimama: mrefu, gauni lake la kanisani, mkoba ameukumbatia. Hakukimbia, magoti hayakumruhusu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia jicho hili, akaniangalia na hili, kama anasahihisha. Pembeni palikuwa na mama mmoja muuza karanga, akatutazama akatabasamu.

"Ahaa, ndio huyu? Leo kaja! Afadhali, mama. Maana jana si ulishinda hapa hapa mpaka mabasi yote yakaisha? Na juzi pia."

Nikamgeukia mama mkubwa. Tarehe tulikuwa tumeiandika wote wawili ukutani, na ilikuwa ya leo.

"Nyamaza wewe," akamwambia muuza karanga. "Mpe mtoto karanga za mia mbili, ametoka mbali."